Chuma cha Lori, Mkono wa Mhunzi

Kwa kisu cha kiwandani, swali la chuma na swali la asili ni swali moja. Panga la zamani lenye chapa ya mamba la kampuni ya Ralph Martindale limetoka Birmingham, na ukishaisoma chapa umemaliza kazi: ni feleji ya kaboni, hushika kutu ukilisahau nje, na hunoleka kwa tupa. Jambia linalonunuliwa Liboi halina chapa. Chuma chake huenda kiliyeyushwa Uingereza, pembe ya mpini ikatoka kwa ng'ombe wa Afmadow, mhunzi akawa mtu wa kando ya mto Juba, na muuzaji akawa mfanyabiashara wa Garissa asiyejua lolote kati ya hayo lakini aliye tayari kukueleza yote. Mkusanyaji anayeuliza "ni chuma gani na kimetoka wapi?" anauliza maswali mawili yasiyo na undugu. Makosa mengi katika biashara hii huanzia hapo, pale jibu la swali la kwanza linapochukuliwa kuwa ndilo jibu la pili.

Hoja ya makala haya ni kwamba chuma cha visu vya mpakani hueleza habari za malori, na kwamba habari za kisu chenyewe ziko kwenye mkono uliokifua. Kwa bahati mbaya, maabara nyingi hupima chuma, na hakuna hata moja inayopima mkono.

Tuanze na mahali. Liboi ni mji mdogo wa kaunti ya Garissa, hauko hata kilomita 20 kutoka mpaka wa Somalia. Ng'ambo kuna Dhobley. Barabara inayotoka Garissa hupita Dadaab, ikagusa Liboi, ikavuka kuelekea Afmadow na hatimaye Kismayu. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia, watu walivuka hapa kwa maelfu. Liboi yenyewe ilikuwa na kambi ya wakimbizi kabla mzigo mkubwa haujahamia Dadaab, kwenye kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, ambazo zote tatu zilipangiwa kubeba watu 90,000 na baadaye zikabeba mara kadhaa ya hao. Mtu anayekimbia huchukua kinachobebeka, na kisu hubebeka. Kwa hiyo kisu kilichopatikana Liboi kinathibitisha jambo moja tu, kwamba kilifika Liboi.

Na hata huo mpaka unaotenganisha "kisu cha Kenya" na "kisu cha Somalia" katika orodha za minada si wa kale kama watu wanavyodhani. Mpaka mwaka 1925 Jubaland yote, yaani ukingo wa magharibi wa mto Juba pamoja na Kismayu na Afmadow, ilikuwa sehemu ya koloni la Kenya. Waingereza waliwakabidhi Waitalia eneo hilo kwa mkataba wa 1924, ukiwa ni malipo yao kwa kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Washirika. Jambia lililofuliwa Afmadow mwaka 1920 lilizaliwa Kenya. Ndugu yake aliyefuliwa na mhunzi yule yule, kwenye fuawe ile ile, mwaka 1930, alizaliwa Somalia ya Waitalia. Mhunzi hakusogea hata hatua moja. Muuzaji anayetaja nchi bila kutaja mwaka hajasema kitu.

Umbo ndilo shahidi wa kwanza wa kuaminika. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyekwenda kutoka Zeila mpaka Harar mwaka 1854 na 1855, aliliandika jambia la Wasomali kwa vipimo: bapa la urefu wa inchi 18 hivi na upana wa inchi mbili, makali pande zote mbili, mpini wa pembe uliochongwa mabonde mawili ili vidole vikae, na kichwani pambo la zinki lenye ncha. Lilifungwa kiunoni kwa mkanda wa ngozi ulioshonwa kwenye ala, mrefu wa kutosha kuzunguka mwili mara mbili. Burton alikuwa kaskazini, mbali sana na Liboi, lakini jamaa za umbo hilo zimeenea kote wanakoishi Wasomali, kwa majina kama billaawe na toorrey, na nyingi zina kichwa cha mpini chenye ncha tatu. Anayekuletea kisu cha upande mmoja wa makali, chenye mpini wa mbao na ala ya plastiki, akakiita jambia la Kisomali la karne ya 19, mpe chai na umwache aendelee na safari yake.

Tazama basi hicho kichwa cha mpini kwa karibu, maana hapo ndipo tarehe hujificha. Burton aliona zinki. Visu vingi vinavyouzwa leo vina chuma cheupe chepesi ambacho muuzaji hukiita fedha. Fedha ina uzito wa zaidi ya gramu 10 kwa kila sentimita moja ya ujazo, zinki kama 7, na aluminiamu 2.7. Ukiona pambo kubwa lisilolemea kiganja, ni aluminiamu. Madini hayo yalikuwa ya bei ya vito mpaka mwaka 1886, Charles Martin Hall na Paul Héroult walipogundua, kila mmoja kwa upande wake, njia ya kuyatoa kwa umeme. Yalichukua miaka mingine mingi kufika Juba yakiwa sufuria, na miaka zaidi kwa sufuria hizo kutoboka na kuyeyushwa. Jambia lenye kichwa cha sufuria ni la karne ya 20 au baadaye, hata likiletwa na mzee mwenye ndevu za heshima. Uzi wa ala nao una ushahidi wake: nailoni ilitangazwa mwaka 1938, kwa hiyo ala iliyoshonwa kwa nailoni haikushonwa kabla ya hapo. Kweli, ala inaweza kushonwa upya kwenye kisu cha zamani. Lakini mwenye kudai kwamba kila kitu ni cha zamani isipokuwa kile ulichokipima ana kesi ngumu.

Sasa mhunzi. Katika jamii ya Wasomali kazi ya chuma ilikuwa ya Tumaal, kundi la mafundi ambalo koo kubwa zililihitaji kila siku na kulidharau kila siku. Mila ilikataza kuoana nao. Waborana nao wana wahunzi wao, tumtu, na hali yao haikuwa tofauti sana. Mkuki, shoka, kisu cha kuchinjia na jambia la kiunoni vilitoka kwenye mikono ya watu hao, halafu sifa ikaenda kwa mvaaji. Mfugaji wa ukoo mkubwa angeweza kukutajia nasaba yake mababu ishirini kurudi nyuma, na asikumbuke jina la aliyemfulia kisu. Jambo hili lina maana kuliko linavyoonekana, na tutalirudia.

Mhunzi wa nchi kavu asiye na mgodi hufua anachokipata. Zamani alipata chuma kilicholetwa na majahazi na misafara. Karne ya 20 ikamletea kitu bora zaidi, springi za malori. Vita vya Pili vya Dunia vilisaidia sana. Februari 1941 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Alan Cunningham yalitoka upande wa Garissa na Bura kuingia Somalia. Afmadow ikachukuliwa tarehe 11 na Kismayu tarehe 14. Jeshi lile lilikwenda kwa magurudumu, juu ya mchanga na mawe, na magurudumu huacha mabaki. Baada ya vita zikaja Bedford na Land Rover, kisha Isuzu na Fuso, na tangu 1991 malori ya chakula cha misaada yamekuwa yakivunja springi kati ya Garissa na mpakani bila kuchoka. Barabara ile, kwa upande wa ugavi wa feleji, imefanya kazi nzuri kuliko kiwanda chochote kilichowahi kuahidiwa eneo hilo.

Mhunzi anayechagua springi anajua anachofanya. Feleji ya springi ina kaboni ya kati ya nusu asilimia na asilimia 0.65 hivi, kiasi cha kutosha kuwa ngumu ikipozwa ghafla, na kidogo kiasi kwamba haivunjiki kama kioo. Imeshakuja bapa. Hupozwa kwa mafuta, na mafuta machafu ya injini hayakosekani penye malori. Fundi huipasha mpaka iwe nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, huku baadhi yao wakiijaribu kwa sumaku, maana chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770 za Selsiasi. Huipeleka mbele kidogo ya hapo, akaitumbukiza, kisha akairudisha motoni kwa upole ili ipunguze ukali wa ugumu. Kazi hiyo haina kitabu, na anayeikosea huambiwa na kisu chenyewe kinapokatika.

Je, utajuaje kwamba bapa lililo mbele yako ni springi? Anza kwa jicho. Kama mpini umelegea na kutoka bila kulazimishwa, tazama ile sehemu ya bapa iliyokuwa imefichwa ndani, maana huko mhunzi hakuwa na sababu ya kulainisha. Mara nyingine utakuta unene wa asili wa springi, ukingo uliobaki mviringo kama ulivyotoka kiwandani, hata nusu ya tundu la bolti ya katikati. Ushahidi huo haupingwi. Kisha tupa: ipitishe polepole mahali pasipoonekana karibu na makali. Ikiteleza, makali yamepozwa vizuri. Ikiuma, ni laini, na huenda hiki kilifuliwa kwa ajili ya watalii. Sumaku haitakusaidia sana. Watu wengi hudhani sumaku hubainisha chuma kisichoshika kutu, kile ambacho Harry Brearley wa Sheffield alikitengeneza mwaka 1913, lakini feleji ya visu ya aina hiyo hunasa sumaku kama kawaida.

Cheche za grainda husema zaidi. Chuma laini hutoa mistari mirefu ya rangi ya majani makavu. Feleji yenye kaboni hupasuka kuwa nyota nyeupe zenye matawi. Chuma kisichoshika kutu hutoa cheche fupi nyekundu zisizo na furaha. Tatizo ni kwamba grainda hula kisu, na kila cheche ni chembe ya ushahidi inayokwenda zake. Wapo wakusanyaji waliothibitisha bila shaka yoyote aina ya feleji ya kisu ambacho sasa hakina thamani.

Njia safi ni mashine ya mionzi ya eksirei, ile ya kushika mkononi, ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu na maabara za makumbusho huitumia. Huielekeza kwenye bapa na baada ya sekunde kadhaa inaorodhesha elementi. Hapa kuna jambo zuri. Springi za malori ya Kiingereza ya wakati wa Bedford mara nyingi zilikuwa za daraja lililoitwa EN45, lenye silikoni kati ya asilimia 1.5 na 2 na bila kromiamu ya kutajika. Springi za Kijapani za daraja la SUP9, kama zile za Kimarekani za daraja la 5160, zina kromiamu ya kati ya asilimia 0.65 na 0.95. Kwa hiyo kromiamu ikionekana karibu na asilimia 0.8, pamoja na manganizi ya kiasi hicho hicho, unatazama uwezekano mkubwa wa lori la Kijapani au la Kimarekani. Kromiamu isipokuwepo na silikoni ikawa juu, mwelekeo ni Uingereza. Nimesema mwelekeo kwa makusudi. Springi hubadilishwa, Kenya nayo hutengeneza za kwake, na Bedford iliyofungwa springi za gari jingine si jambo la kushangaza mtu yeyote Garissa.

Mashine hiyo ina upofu mmoja ambao wauzaji hawautaji: haioni kaboni. Kaboni ni nyepesi mno, mionzi yake hufifia kabla ya kufika kwenye kipokezi. Silikoni nayo huonekana kwa shida. Cheti cha eksirei kinachotaja "feleji ya kaboni ya juu" kwa hiyo kimetaja kitu ambacho mashine haikukipima. Kupima kaboni kunahitaji mashine ya kuunguza alama ndogo juu ya chuma, au kukata kipande na kukichoma maabarani. Hapo ndipo mwenye kisu hukumbuka ghafla kwamba anakipenda.

Manganizi ina faida nyingine. Chuma kilichoyeyushwa kwa mikono katika tanuru za udongo kwa kawaida huwa na manganizi kidogo sana, na kina nyuzi za mavi ya chuma zilizonaswa ndani, ambazo huonekana kwa hadubini. Feleji ya kiwandani, tangu siku za wavumbuzi Bessemer na Mushet katika miaka ya 1850, huongezwa manganizi. Asilimia 0.7 au 0.8 ya madini hayo inafunga mjadala wa "chuma cha mababu".

Hiyo inatuleta kwenye neno ambalo muuzaji hulisema akiishiwa na mengine yote, Dameski. Pwani yetu haikosi historia ya feleji bora. Mwanajiografia al-Idrisi, akiandika mwaka 1154, aliitaja Malindi kwa machimbo na biashara yake ya chuma, na watafiti Chapurukha Kusimba na David Killick waliripoti feleji ya kuyeyushwa chunguni kutoka Galu, kusini mwa Mombasa. Feleji ya namna hiyo ilikuwa fahari ya kusini mwa India na Sri Lanka, na ndiyo iliyotoa bapa zenye mawimbi ambazo Ulaya ilizipa jina la Dameski. Lakini utengenezaji wake ulikwisha katika karne ya 19. Mawimbi unayoyaona kwenye kisu kipya kinachong'aa ni ya tabaka za feleji zilizochomelewa pamoja na kuchovywa katika asidi, kazi inayofanywa kwa wingi Wazirabad, Pakistan, na kusafirishwa dunia nzima pamoja na hadithi yake. Si kazi mbaya. Ila haikutoka Juba.

Anayetaka kupima umri kwa kaboni-14 aonywe mapema. Chuma kilichoyeyushwa kwa makaa ya miti hubeba kaboni ya mti ule, na maabara inaweza kuupata umri wake. Feleji ya kiwanda hupata kaboni yake kutoka makaa ya mawe, ambayo ni misitu iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita na kaboni-14 yake ilishakwisha. Jambia la springi ya Bedford litarudi maabarani likiwa na umri unaozidi miaka 40,000. Wapo watu ambao wangekifungia cheti hicho fremu.

Sheria nayo ina maoni yake kuhusu umri. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Muuzaji anayeapa mbele ya mgeni kwamba kisu ni cha mwaka 1880, huku akimfungia kwa ajili ya ndege, anakiri kosa huku akisifu bidhaa. Na kama anasema mpini ni wa pembe ya kifaru, ana mashaka makubwa zaidi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu nzito kwa mwenye kumiliki pembe hiyo bila kibali. Mara nyingi ni uongo unaoweza kukanushwa kwa tochi: pembe ya ng'ombe au nyati ni ganda lenye tabaka, wakati ya kifaru ni nyuzi zilizoshikamana, na ikikatwa upande huonyesha nukta nukta za ncha za nyuzi hizo. Heri ng'ombe.

Ukishafanya yote haya, umepata nini? Umejua kwamba bapa ni la springi ya kiwandani, pengine ya lori la Kiingereza. Kwamba pambo ni aluminiamu, kwa hiyo karne ya 20 au baadaye. Kwamba mpini ni wa ng'ombe. Hayo yote ni ya kweli, na hakuna hata moja linaloeleza kisu kilifuliwa wapi wala na nani. Kinachoeleza ni namna uti wa katikati ya bapa ulivyoinuliwa, mchongo wa mpini, pambo lilivyofungwa, na mshono wa ala, kikilinganishwa na visu ambavyo asili yake inajulikana. Visu hivyo ni vichache, na sababu tumeshaitaja: Tumaal alifua, mwingine akavaa, na hakuna aliyeandika jina la fundi. Wakoloni waliovikusanya waliandika jina la kabila na la afisa aliyetoa zawadi. Wakusanyaji wa leo wanaandika daraja la feleji. Kwa namna hiyo dharau ya zamani inaendelezwa na watu wasiojua kwamba wameirithi, wakiwa na mashine ya gharama kubwa mkononi.

Kwa hiyo ombi langu kwa anayenunua kisu Liboi, Garissa au Dadaab ni hili. Usikisugue wala usikipitishe kwenye grainda, maana kutu ya zamani na mafuta ya ngozi ni sehemu ya ushahidi. Muulize anayeuza alikipata kwa nani, na huyo naye kwa nani, mpaka msururu ukatike. Ukibahatika kumfikia mwenyewe aliyefua, au mwanawe, mwombe ruhusa uandike jina lake, mahali alipofulia na mwaka anaoukumbuka, ukiweke kikaratasi hicho pamoja na kisu. Aina ya feleji inaweza kusubiri, itakuwa humo humo miaka 100 ijayo. Wazee waliofua hawatakuwepo.